Kutoka AVI kwenda AVI: namna ya kupanga ekspoze juu ya kugeuza video

Mama mmoja wa Bagira alikuja kwenye sekretaria (duka la kuchapa barua na fotokopi) ya yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, hapa Kadutu, Bukavu, flashi kaifunga kwenye pindo la kitenge kama pesa. Ndani mlikuwa na video ya ndoa ya binti yake. Kwa mpiga picha, kwenye kompyuta, ilionekana vizuri. Nyumbani, akiichomeka kwenye deki ya DVD, kwaya inasikika, vigelegele vinasikika, lakini televisheni ni giza tupu. Na kartoni ya deki imeandikwa wazi kwamba inasoma AVI, na faili lenyewe linaishia na .avi. Akaniuliza: "Mwanangu, sasa kosa liko wapi? Deki inakula AVI, na mimi nimeipa AVI."

Nilimgeuzia, akalipa, akaenda. Swali lake halikwenda naye. Nilipopewa ekspoze juu ya kugeuza video (ekspoze ndilo jina letu Kongo kwa wasilisho la darasani), nilianza na mama huyu, maneno yake kama alivyoyasema. Ilikuwa mara yangu ya pili na mada hiyohiyo. Mara ya kwanza nilipata 9 kwa 20, na sababu zake nitazitaja njiani. Ninasoma informatiki Bukavu, na jioni nachapa barua za watu, natoa fotokopi na kuweka video kwenye flashi. Kwa hiyo haya ninayoandika yametoka pande zote mbili za meza.

Chagua mashine moja inayokataa

Makundi mengi yanapopewa mada hii hukimbilia orodha ya programu. Slaidi ya kwanza programu hii na nembo yake, slaidi ya pili ile na nembo yake, mpaka kumi. Darasa linalala. Mwalimu naye anauliza swali moja tu, "zinatofautianaje?", na kundi linatazama dari.

Fanya kinyume. Tafuta mashine moja inayokataa video moja, na ekspoze nzima iwe safari ya kuifanya ikubali. Deki ya zamani yenye tundu la USB ni mashine nzuri sana, na mitaani kwetu bado zimejaa. Kama huna, tumia kompyuta ya zamani isiyofungua video iliyorekodiwa na iPhone. Tangu mwaka 2017, mfumo wa iOS 11 ulipotoka, simu hizo zinaweza kurekodi kwa H.265, namna mpya zaidi ya kubana video, na kompyuta nyingi za zamani haziijui. Au chukua flashi inayokataa kupokea filamu ndefu wakati nafasi bado ipo. Hiyo ni kwa sababu flashi zilizofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, hazipokei faili moja linalofika giga 4. Lolote utakalochagua, liwe moja, na uwe umelishika kwa mikono yako.

Jambo la adabu hapa: usioneshe darasani ndoa ya mteja. Nilichukua swali la mama yule, sikuchukua video yake. Video za kuonesha nilirekodi mwenyewe nyumbani kwetu, na ilinisaidia kuliko nilivyotarajia, kama utakavyoona.

Panga kwa Kiswahili kwanza

Sisi ekspoze tunaitoa kwa Kifaransa. Lakini mimi sianzi na Kifaransa. Nilikaa na shangazi uwanjani, yeye anachambua maharagwe, mimi namweleza. Kila nilipokwama kwa Kiswahili niligundua kwamba hata kwa Kifaransa sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimekariri tu, na maneno makubwa yalikuwa yananificha.

Jambo analopaswa kulielewa kila mtu darasani ni tofauti kati ya kontena na kodeki. Likieleweka hili, ekspoze imesimama. Lisipoeleweka, hata ulete projekta ya dhahabu.

Kwa shangazi nilitumia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa sababu mtu wa Bukavu asiyezijua sambaza sijakutana naye. Sambaza unaweza kuzikausha juani au kuzikaanga. Hiyo ndiyo kodeki: namna video ilivyotayarishwa ili ipungue uzito na isafiri. Halafu sambaza hizo, zikauke au zikaangwe, unaweza kuzitia kwenye ndoo, kwenye gunia au kwenye kikapu. Hiyo ndiyo kontena. AVI, MP4, MKV, MOV, 3GP ni majina ya ndoo na magunia. H.264, H.265, Xvid, VP9, AV1 ni majina ya namna ya kutayarisha. Ukiona gunia mlangoni hujui bado ndani kuna za kukausha au za kukaanga.

Shangazi akanikatiza: "Basi deki ya mama huyo inakula za kukausha tu, na imeletewa za kukaanga ndani ya gunia inalolizoea." Ndivyo. Faili la mama lilikuwa AVI kweli, lakini ndani picha ilikuwa H.264. Deki za namna ile zinaijua DivX na Xvid, na sauti ya MP3. Sauti ya faili ilikuwa MP3, ndiyo maana kwaya ilisikika. Picha hazikuweza kufunguliwa. Kwa hiyo nilichofanya ni kugeuza AVI kuwa AVI.

Sema sentensi hiyo darasani hivyohivyo. Kwangu walicheka. Mmoja wa nyuma akasema, "Sasa umegeuza nini?" Nilimshukuru kimoyomoyo, maana swali hilo ndilo lililokuwa slaidi yangu iliyofuata.

Hesabu moja, ubaoni, kwa chaki

Kabla ya kuonesha chochote, darasa lijue kwa nini video inabanwa. Usiwaambie "video ni nzito". Piga hesabu mbele yao. Picha ya 1280 kwa 720 ina pikseli 921,600. Kila pikseli ikichukua baiti 3, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, picha moja ni baiti 2,764,800. Kwa picha 25 kila sekunde unapata baiti 69,120,000, yaani mega 69 kwa sekunde moja. Uliza: flashi ya giga 8 itajaa baada ya muda gani? Waache wahangaike kidogo. Ni chini ya dakika mbili. Ndoa haijafika hata mlangoni mwa kanisa.

Halafu waoneshe upande wa pili. Video hiyohiyo ikibanwa kwa biti 2,000,000 kwa sekunde, na sauti biti 128,000, jumla ni 2,128,000. Baiti moja ni biti 8, basi gawa kwa 8 upate baiti 266,000 kwa sekunde. Dakika kumi ni sekunde 600, basi ni karibu mega 160. Bila kubana, dakika hizohizo kumi zingekuwa zaidi ya giga 41. Kasi ya biti mara muda, gawa kwa 8: waandike hiyo madaftarini, kwa sababu mteja akikuuliza kama ndoa yake itaenea kwenye flashi utaitumia kila siku.

Hapa ndipo video zangu za nyumbani zilipoingia. Nilirekodi mbili, kila moja sekunde kumi, simu nimeiegemeza kwenye tofali isitikisike. Ya kwanza ni shangazi amekaa mbele ya ukuta, vidole tu ndivyo vinavyotembea kwenye ungo wa maharagwe. Ya pili ni mvua ya Bukavu ikipiga uwanja uleule, matone yanaruka kila mahali. Nikazibana zote mbili kwa kipimo kilekile cha ubora, bila kuzipangia kasi ya biti, kisha nikauliza darasa ipi itakuwa nzito. Wengi walisema ya shangazi, kwa sababu ana sura, ana kitenge chenye maua, na mvua ni maji tu. Nikafungua folda. Shangazi alikuwa mega 1 na kidogo. Mvua ilikaribia mega 7.

Sababu yake inaeleweka vizuri sana baada ya mshangao huo. Kodeki haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi picha moja kamili, halafu kwa picha zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Ukuta nyuma ya shangazi haubadiliki, basi hauandikwi tena na tena. Mvua inabadilika pote kila mara, hakuna cha kuokoa. Nilitumia dakika tano hapa na sikujuta.

Historia ipe slaidi moja, tena fupi. H.264 ilitoka mwaka 2003, H.265 mwaka 2013, AV1 mwaka 2018. Kila moja inalenga kutoa ubora uleule kwa biti chache kuliko iliyotangulia, lakini inaitaka mashine ifanye kazi zaidi. Ndiyo sababu deki iliyotengenezwa kwa ajili ya Xvid haiwezi kujifunza H.265 leo. Kama unataka kitu cha kuwaamsha, waambie kwamba VLC ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996. Wanafunzi kama sisi, ingawa umeme wao sidhani ulikuwa kama wetu.

Onesho: moja hai, moja iliyopikwa tayari

Sasa ile 9 kwa 20. Mara ya kwanza tulipanga kugeuza mbele ya darasa video ya saa nzima. Nilibonyeza kitufe, asilimia zikaanza kupanda: moja, mbili. Tukazungumza, tukaishiwa maneno. Ilipofika nne umeme ukakatika. Mto Ruzizi na mabwawa yake uko palepale tunauona, lakini umeme wetu una ratiba yake moyoni, haimwambii mtu. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imechoka, ikazima papo hapo. Asistanti, yaani mwalimu msaidizi, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kwa hiyo: mambo yote yanayochukua zaidi ya sekunde ishirini yafanye nyumbani, matokeo yawe tayari kwenye folda. Darasani fanya vitu viwili tu.

Cha kwanza ni kuhamisha sambaza kutoka gunia kwenda ndoo bila kuzigusa. Mimi natumia FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Ndani ya programu nyingi zenye vitufe vizuri, FFmpeg ndiyo inayofanya kazi. Amri ni fupi:

ffmpeg -i shangazi.mkv -c copy shangazi.mp4

Hilo "copy" maana yake usibanue, usibane tena, hamisha tu. Linakwisha kabla hujamaliza kuvuta pumzi, hata kwenye kompyuta ya kizee, mradi kontena jipya linaikubali kodeki iliyomo. Darasa limeona herufi za mwisho zikibadilika, na ndani hakuna kilichobadilika. Ili wasikuamini kwa mdomo tu, fungua mafaili yote mawili kwa VLC na ubonyeze Ctrl na J. Itakuonesha kodeki, na ni ileile.

Cha pili ni kinyume chake: herufi zinabaki, ndani panabadilika. Hii ndiyo dawa ya mama wa Bagira:

ffmpeg -i ndoa.avi -t 20 -vf scale=640:-2 -c:v mpeg4 -vtag xvid -q:v 4 -c:a libmp3lame -b:a 128k ndoa-deki.avi

Ndoa hiyo ni ya jina tu. Ndani ya faili langu alikuwa shangazi na maharagwe yake. Usiisome amri nzima kwa sauti, utawapoteza. Onesha vipande vitatu. "-t 20" inachukua sekunde ishirini tu, ndiyo inayokuokoa na umeme. "scale=640:-2" inapunguza upana uwe 640 na kuacha programu itafute urefu unaolingana, tena namba shufwa, kwa sababu deki hizo hazipendi picha kubwa kuliko 720 kwa 576. Na "mpeg4" yenye alama ya xvid ndiyo chakula ambacho deki inakijua. Hapa rudi kwa sambaza: za kukaanga huwezi kuzigeuza kuwa za kukausha moja kwa moja. Kompyuta inabanua kwanza, inarudisha picha kamili moja moja, ndipo inazibana upya kwa namna nyingine. Ndiyo maana kazi hii inachukua muda na ile ya kwanza haichukui. Na ndiyo maana kila ukigeuza hivi kuna kitu kinapotea ambacho hakirudi. Samaki aliyekaushwa ukimloweka analainika, lakini hawi tena yule aliyetoka ziwani asubuhi.

Kama kundi lako linaogopa dirisha jeusi la amri, VLC inatosha: menyu ya Média, halafu Convertir / Enregistrer. HandBrake nayo ni nzuri, ila inatoa MP4, MKV na WebM, haitoi AVI, kwa hiyo kwa deki ya mama haitakusaidia. Tovuti za kugeuza video mtandaoni mimi sizipendekezi kwetu. Mega 160 zipande, nyingine zishuke, na mega unanunua kwa pesa yako. Tena ndoa ya watu imekwenda kukaa kwenye kompyuta usiyoijua.

Kosa langu lingine la mara ya kwanza linafaa kuwa onesho dogo. Nilichukua video iliyopitia WhatsApp, mega 38, nikaigeuza "kwa ubora wa juu", ikatoka mega 61. Asistanti akauliza kwa nini imenenepa. Nilijibu kwamba labda ubora umeongezeka. Darasa lilicheka, na haki yao. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeweka CRF, yaani kipimo cha ubora, kwenye 18. Kwenye x264, programu inayobana kwa H.264, kipimo hicho kinakwenda kutoka 0 hadi 51, kawaida yake ni 23, na namba ikiwa ndogo programu inatumia biti nyingi zaidi kulinda kila inachokiona. Video ile ilikuwa tayari imeharibika, ina vijiboksi. Programu haijui kwamba vijiboksi ni uchafu. Ikavilinda kwa uaminifu, na kunitoza mega 23. Safari hii nilionesha mvua kwa CRF 18, 23 na 35, picha tatu zilizosimama upande kwa upande, na wao wenyewe wakasema mahali ubora ulipoanguka.

Siku yenyewe

Tulikuwa watano kwenye kundi, na kama kawaida wawili walikuja na kazi na watatu walikuja na nguo nzuri. Wape kazi hata hao. Mmoja anasema, mmoja yuko kwenye kibodi na hasemi kabisa, mmoja anaangalia saa kutoka mstari wa mbele na anainua kidole zikibaki dakika tano. Anayesema asiguse kompyuta: ukitafuta faili huku unaongea unaharibu vyote viwili.

Nenda siku moja kabla ukaitazame projekta. Yetu ilikuwa na waya wa VGA, na kompyuta nyingi za sasa zina HDMI peke yake, kwa hiyo azima adapta mapema. Tena VGA haipitishi sauti. Kama onesho lako linahitaji kwaya isikike, beba spika ndogo. Jaza betri usiku umeme ukiwepo, na weka nakala ya kila kitu kwenye flashi na kwenye simu. Umeme ukienda, hesabu ya ubaoni haihitaji umeme. Iwe na nafasi ya kuhama katikati ya ekspoze kujaza pengo. Sisi tulipewa dakika ishirini, na nilizipanga hivi: mama na deki tatu, kontena na kodeki tano, hesabu na mvua saba, maonesho tano. Nilipojaribu nyumbani mbele ya shangazi nilitumia thelathini na moja. Nilikata historia, nikakata na utani wangu mmoja nilioupenda sana.

Maswali

Matatu yatakuja, jiandae nayo. Mtu atauliza kama kubadili jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 hakutoshi. Badilisha jina mbele yake, fungua kwa VLC, Ctrl na J: ndani ni vilevile, VLC imefungua kwa sababu inatazama ndani na haitazami jina. Mbuzi ukimvika kanzu hatasoma misa. Wa pili atauliza kama video ya 480 inaweza kugeuzwa kuwa 4K ili ionekane safi. Itakuwa kubwa na nzito, lakini maelezo ambayo kamera haikuyaona hayatazaliwa kwenye kugeuza. Wa tatu, na kwa kawaida ni mwalimu, atauliza fomati iliyo bora. Usimpe jina. Muulize: kwa mashine ipi? Ukilazimishwa, sema MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC, kwa sababu simu na kompyuta karibu zote za sasa zinaifungua, kisha umrudishe kwa mama wa Bagira, ambaye jibu hilo lisingemsaidia.

Makofi yakiisha, chomoa flashi yako kabla kundi linalofuata halijafika kwenye meza. Yangu, yenye shangazi na mvua, ndipo ilipopotelea.